Kufunga voltimita kwenye bodi ya umeme na kuzilinda nyaya zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya voltimita (mita za kuonyesha volti) na taa za kuonyesha umeme zinazofungwa moja kwa moja kwenye DB (bodi ya kugawa umeme) ya nyumba, duka, mashine ya kusaga au pampu ya kisima. Umeme unaozungumziwa ni wa fezi moja wa volti 230 na wa fezi tatu wa volti 400. Kenya vipimo hivyo huandikwa 240 na 415. Sola, vipimo vya mkononi na mambo mengine yasiyo ya kila siku yako sehemu ya mwisho.

## Mambo ya msingi

1. Voltimita inakula umeme kidogo mno. Kwa nini nyaya zake zihitaji fyuzi?

Kwa sababu waya haujui mita inakula kiasi gani. Unajua tu kilicho nyuma yake. Voltimita ya kawaida huvuta milliampea chache, lakini waya wake umeshikana na basba (kipande cha shaba kinachogawa umeme ndani ya DB), na basba imeshikana na laini nzima ya mtaani. Siku waya huo ukichubuka na kugusa bati la DB, kinachopita si zile milliampea. Ni mamia au maelfu ya ampea.

Hesabu yake ni fupi. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba wenye ganda la PVC, ukipitisha ampea 1,000, hufikia kikomo cha joto chake kwa takriban sekunde 0.03. Fyuzi ya ampea 100 ya laini ya kuingilia, kwa mkondo huohuo, huhitaji muda mrefu kuliko huo mara kadhaa ndipo ikatike. Maana yake waya mwembamba ndio utakaogeuka fyuzi, na utaungulia ndani ya bodi, katikati ya nyaya nyingine. Mita yenyewe mara nyingi hupona. Kinachoteketea ni waya wake na majirani zake.

2. Naweza kuifunga mwenyewe?

Kazi ya ndani ya DB ni ya fundi mwenye leseni. Tanzania leseni hutolewa na EWURA, Kenya na EPRA. Mwenye nyumba anaweza kutumia majibu haya kuikagua kazi aliyofanyiwa au kujua cha kuuliza kabla hajalipa.

Sili (lakiri) iliyofungwa na TANESCO au Kenya Power kwenye mita ya LUKU, mita ya tokeni au fyuzi ya kuingilia haikatwi na fundi wa mtaani kwa sababu yoyote. Kama umeme hauwezi kuzimwa bila kuikata, kazi inasimama mpaka mtu wa shirika aje.

3. Ninunue voltimita ya aina gani?

Ziko tatu zinazopatikana kirahisi. Ya kwanza ni ya duara yenye taa ya namba, inayoingia kwenye tundu la milimita 22. Ni rahisi, inatosha kwa nyumba, ila nyaya zake mara nyingi huja nyembamba kuliko inavyotakiwa (tazama swali la 12). Ya pili inakaa kwenye reli ya DIN ya milimita 35 (ukanda wa chuma wa kushikilia vifaa ndani ya DB) pamoja na sakiti breka. Hii ndiyo nzuri kuliko zote kwa DB ya kawaida, kwa kuwa haihitaji kutoboa kitu na nyaya zake hazipiti mlangoni. Ya tatu ni ya mraba ya mlangoni, milimita 96 kwa 96, ambayo tundu lake hukatwa 92 kwa 92. Kwenye fezi tatu hii huambatana na swichi ya kuchagua yenye nafasi saba: kuzima, fezi kwa fezi mara tatu, na fezi kwa nyutro mara tatu.

Soma mgongo wa mita kabla ya kulipa. Mita itakayopima fezi kwa fezi lazima iandikwe volti 450 au 500; ya mwisho 300 itaungua siku ya kwanza. Tafuta pia alama ya CAT III. Hiyo ndiyo daraja ya vifaa vya ndani ya DB, na huonyesha kwamba kifaa kinastahimili miruko mikali ya volti inayotokea hapo.

Kuna pia vile vifaa vya reli ya DIN vya ampea 40 au 63 vinavyokata umeme volti ikizidi au ikishuka, na vinaonyesha namba mbele. Hivyo si voltimita tupu. Mzigo wote wa nyumba unapita ndani yake, kwa hiyo nyaya zake ni nene kama za meni swichi, na majibu ya fyuzi na waya yaliyo hapa chini hayavihusu.

4. Inaungwa sambamba au kwa kufuatana na mzigo?

Sambamba: waya mmoja kwenye fezi, mwingine kwenye nyutro, au kwenye fezi mbili. Ukiifuatanisha na mzigo hakuna kitakachowaka.

## Mahali pa kuchukulia umeme

5. Nichukue umeme wa voltimita kabla ya meni swichi au baada yake?

Baada yake, isipokuwa una sababu nzito. Ukichukua baada ya meni swichi, kuzima swichi kunazima na nyaya za mita, na fundi atakayekuja miaka mitano baadaye hatashtushwa.

Ukichukua kabla yake, voltimita itaendelea kuonyesha umeme wa laini hata nyumba ikiwa imezimwa. Hilo lina faida, lakini linaacha waya hai ndani ya bodi ambayo kila mtu ataamini imekufa. Kama lazima ufanye hivyo, nyaya hizo zipite ndani ya paipu yake ya plastiki inayokunjika, fyuzi zake ziwe na kifuniko kisichoruhusu kidole, na kibandiko cha kudumu kiwekwe mlangoni na juu ya fyuzi: HATARI, NYAYA HIZI ZINA UMEME HATA MENI SWICHI IKIZIMWA. Kalamu ya wino juu ya tepu haifiki mwaka mmoja.

6. Nina jenereta na chenji ova (swichi ya kuchagua laini au jenereta). Mita ikae upande gani?

Hii ndiyo ile sababu nzito. Ukiiweka upande wa mzigo, itakuambia umeme upo bila kukuambia ni wa nani. Unachotaka kujua jenereta ikiwa inanguruma ni kama laini imerudi, na hilo linaonekana upande wa laini tu, kabla ya chenji ova.

Funga mita mbili, moja kila upande, kila moja na fyuzi zake na nyutro yake mwenyewe. Usizipe nyutro moja kwa pamoja. Kwenye chenji ova inayokata nyutro pia, nyutro ya pamoja huunganisha jenereta na laini kwa mlango wa nyuma.

7. Naweza kuubana waya wa mita pamoja na waya mnene kwenye skrubu moja ya meni swichi?

Usifanye hivyo, ingawa ni njia inayoonekana kwenye DB nyingi. Skrubu inabana kile kilicho kinene. Waya wa 1.5 ukiwekwa pembeni ya waya wa 16 unabaki umelegea, au unasukumwa pembeni na kuuachia waya mnene nafasi ya kulegea nao. Muungano uliolegea hupata joto, joto hulegeza zaidi, na baada ya miezi plastiki ya meni swichi inageuka kahawia. Mita inalaumiwa bure.

Njia safi ni kuipa mita sakiti breka yake kwenye nafasi iliyo wazi: breka ya ampea 6, nyutro kwenye basba ya nyutro, kazi imekwisha. Kwenye bodi kubwa isiyo na nafasi, tumia tundu lenye uzi ambalo mtengenezaji ameliacha kwenye basba, kwa lagi (kichwa cha chuma cha ncha ya waya) iliyobanwa kwa krimpa (koleo la kubana ncha), washa ya springi na boliti yake. Basba usiitoboe mwenyewe. Chembe za shaba zitakazoanguka chini yake ni shoti inayosubiri siku.

8. DB yangu haina nyutro karibu. Ethi haiwezi kutumika badala yake?

Mita itawaka na namba itaonekana sawa, na hapo ndipo mtego ulipo. Ethi ikikatika mahali fulani, ule mkondo mdogo unaopita ndani ya mita utakosa njia na kuvipandisha volti vyuma vyote vilivyoungwa kwenye ethi hiyo: bati la DB, mwili wa friji, bomba. Mtu atapata mchomo bila kuona waya wowote uliochubuka. Tena, palipo na RCD (kifaa kinachokata umeme ukivuja), mkondo huo unahesabiwa kama uvujaji. Vuta waya wa nyutro, hata kama ni mita kumi.

## Fyuzi na waya

9. Fyuzi ya ukubwa gani, na ya aina gani?

Ampea 2, aina ya gG (ya matumizi ya jumla), ile ya gamba la kauri ya milimita 10 kwa 38, ndani ya kishikizo cha reli ya DIN. Kishikizo kimoja kina upana wa karibu milimita 18, sawa na sakiti breka ya pole moja.

Watu wengi hushindana juu ya ampea (1, 2 au 4 zote zitafaa kwa waya wa 1.5) na kusahau jambo lenye uzito zaidi, yaani fyuzi inaweza kukata shoti kubwa kiasi gani bila kupasuka. Chukua transfoma ya mtaani ya kVA 315 yenye impidansi ya asilimia 4. Mkondo wake kamili ni takriban ampea 455. Shoti kwenye vituo vyake inaweza kufika ampea 11,000 na zaidi. Duka lililo mita chache kutoka kwenye nguzo hiyo halipati pungufu sana ya hapo. Sakiti breka ya nyumbani iliyoandikwa 6000 haijatengenezwa kukata mkondo huo. Fyuzi ya kioo ya milimita 5 kwa 20, ile ya redio, ndiyo kabisa: daraja lake la chini limethibitishwa kwa ampea 35 tu, au mara kumi ya ukubwa wake. Kwenye shoti ya basba hupasuka na kuendelea kupitisha moto kupitia mvuke wa chuma chake. Fyuzi ya gG ya 10 kwa 38 hukata makumi ya maelfu ya ampea kwa kuwa ndani yake kuna mchanga unaozima ule mwako.

Kwa hiyo: mbali na transfoma, kwenye DB ya nyumba, sakiti breka ya ampea 6 inatosha. Karibu na transfoma, au ukichukua kwenye basba kubwa, weka fyuzi ya kauri.

10. Fyuzi ikae karibu na mita au karibu na basba?

Karibu na basba. Fyuzi iliyo mgongoni mwa mita inailinda mita peke yake na kuuacha waya wote wa katikati wazi, na huo ndio unaochubuka. Kanuni za umeme za kimataifa (IEC) na za Uingereza (BS 7671) zinavumilia kipande kisicholindwa cha hadi mita 3, kwa masharti kwamba kimewekwa kwa namna inayopunguza uwezekano wa shoti na kiko mbali na vitu vinavyoshika moto. Usiitumie ruhusa hiyo yote. Sentimita 30 zinawezekana karibu kila bodi. DB iliyopigiliwa kwenye ubao, na ziko nyingi, tayari inalikosa sharti la pili.

11. Nyutro nayo iwekewe fyuzi?

Hapana. Fyuzi ya nyutro ikikatika, mita inasoma sifuri huku fezi ikiwa hai kwenye skrubu zake. Kwenye mita ya fezi tatu mambo huwa mabaya zaidi: nyutro ikikosekana, namba za fezi kwa nyutro zinaanza kuyumba na kudanganya. Weka fyuzi kwenye kila fezi. Nyutro ipite bila fyuzi, au kwenye kiungo cha kuchomoa.

12. Waya gani, na rangi zipi?

Waya wa shaba wa nyuzi nyingi, milimita 1.5 za mraba, wenye daraja la volti 450/750. Haukuchaguliwa kwa ajili ya mzigo. Mita inayovuta milliampea 5 kupitia mita 20 za waya huo, kwenda na kurudi, inapoteza kama volti 0.0024. Umechaguliwa kwa sababu hauvunjiki unapobanwa, na unaweza kustahimili shoti kwa muda ambao fyuzi ya ampea 2 inahitaji. Waya mgumu wa uzi mmoja uache kwenye paipu za ukutani, mlangoni huvunjika.

Voltimita za duara mara nyingi huja na vinyaya vyembamba vya sentimita 15 au 20. Visirefushwe kwa kusokota na tepu. Viishie kwenye koneta ya reli, na kuanzia hapo uendelee na waya wa 1.5.

Rangi ni mahali pa kusimama na kufikiri. Bodi za zamani zina fezi nyekundu, njano na buluu, nyutro nyeusi. Mpya zina fezi kahawia, nyeusi na kijivu, nyutro buluu. Rangi mbili zimebadilishana viti: buluu ya zamani ni fezi, ya sasa ni nyutro, nyeusi ni kinyume chake. Kwenye bodi iliyochanganyika, pima kila waya, kisha uvishe ncha zake pete zilizoandikwa L1, L2, L3 (fezi) na N (nyutro). Kijani na njano haitumiki kwa kitu kingine zaidi ya ethi, hata kama ndio waya pekee uliobaki kwenye gari.

## Kuzifunga na kuzishika nyaya

13. Kazi yenyewe inakwenda kwa mpangilio gani?

Zima meni swichi, ifunge kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwako. Kama kuna jenereta au inverta, nayo izimwe na kufungwa. Pima kwa kipimo cha ncha mbili: kwanza mahali unapojua pana umeme ili kuhakikisha kipimo kizima, kisha kwenye basba (fezi kwa fezi, fezi kwa nyutro, fezi kwa ethi), kisha tena pale pa kwanza. Betri ya kipimo iliyokufa katikati ya kazi hutoa jibu lilelile la "hakuna umeme".

Ukitoboa bati, funika vifaa vyote vya chini kwa kitambaa au karatasi nzito, na baada ya kutoboa ondoa chembe zote kwa brashi au kwa kufyonza. Kupuliza kunazisukuma ndani ya breka. Sawazisha ukingo wa tundu kwa tupa, kisha vika mpira wa tundu kabla waya haujapita.

Funga mita na kishikizo cha fyuzi, fyuzi ikiwa nje. Vuta nyaya kutoka mita kuelekea fyuzi, na kutoka fyuzi kuelekea basba. Mwisho wa basba uwe wa mwisho kuungwa. Menya ganda milimita 8 kwa skrubu ndogo, vika kikofia cha shaba cha kubana ncha, kibane kwa krimpa yake. Plaisi inakibapaza bila kukibana. Nyuzi zote ziwe ndani. Uzi mmoja uliochomoza unatosha kugusa jirani. Usiloweshe ncha kwa risasi ya kuchomelea: risasi ni laini, hukubali skrubu leo na kunywea kesho.

Baada ya kukaza, vuta kila waya kwa mkono. Pima kati ya fezi na fezi, na fezi na nyutro, kuhakikisha hakuna shoti. Rudisha vifuniko, washa meni swichi fyuzi ya mita ikiwa bado nje, kisha zima, ingiza fyuzi, washa tena. Linganisha namba ya mita na ya kipimo chako. Tofauti ya volti 2 au 3 ni ya kawaida kwa mita za bei ndogo.

14. Mita iko mlangoni. Nyaya zipitie wapi?

Upande wa bawaba, daima. Zikusanye fungu moja, zivike ganda la plastiki la kuzunguka, na zishike kwa klipu mbili: moja kwenye mwili wa DB, moja mlangoni. Katikati ya klipu hizo acha kitanzi kinachoning'inia. Fungua mlango mpaka mwisho: kitanzi kisivutike. Ufunge polepole: kisibanwe ukingoni wala kugusa basba. Klipu za gundi huachia kwenye joto la pwani, hivyo tumia za skrubu.

Mlango wa chuma wenye kifaa cha umeme unahitaji ethi yake, waya wa milimita 6 za mraba au msuko wa shaba, kutoka kwenye mwili wa DB hadi boliti ya mlango. Kwangua rangi chini ya lagi. Bawaba zenye rangi na kutu si njia ya ethi.

15. Skrubu nikaze kwa nguvu kiasi gani?

Kama mtengenezaji ameandika, fuata alichoandika. Kama hakuandika: skrubu ya M3, Nm (nyutoni mita) 0.5, ya M3.5, Nm 0.8, ya M4, Nm 1.2. Nm 0.5 ni kidogo kuliko mkono wa fundi unavyodhani, na skrubu za mita ndogo huharibika uzi kwa kukazwa mno zaidi ya kulegea. Bisibisi ya kipimo ikikosekana, tumia bisibisi ndogo yenye mpini mwembamba.

16. Nyaya zimebaki zinaelea. Nizibane kwa tai tu?

Tai za plastiki kila sentimita 15 au 20, ndiyo, lakini usizifunge pamoja na kebo nene za mzigo. Kebo hizo hupata joto, na zikipitisha shoti hurukaruka kwa nguvu inayoweza kuvikata vinyaya. Zipitishe kwenye tranki yake au kwenye kona ya bodi. Kata mkia wa tai sawasawa na kichwa chake. Mkia uliochongoka huchana mkono wa mtu na ganda la waya.

Ziba kila tundu lisilotumika, na kebo inayotoka nje ipite kwenye glendi (kibanio cha kebo kwenye tundu). Mjusi anayetafuta joto na sisimizi wanaojenga ndani ya breka ni chanzo cha kweli cha shoti katika nchi zetu, na wote hupitia tundu ambalo fundi aliliacha "kwa ajili ya baadaye".

## Mita inaposoma mambo ya ajabu

17. Nimezima breka lakini mita inaonyesha volti 40, wakati mwingine 90. Umeme unatoka wapi?

Mara nyingi ni volti hewa. Waya uliozimwa ukipita sambamba na waya hai kwenye paipu moja, hurithi volti kidogo kupitia ganda, na mita ya kidijitali inaiona kwa kuwa haivuti karibu chochote. Ipime kwa kipimo chenye mzigo mdogo ndani yake, au washa balbu ya zamani ya nyuzi kwenye sakiti hiyo. Ikianguka sifuri, ilikuwa hewa. Isipoanguka, kuna umeme unaorudi kutoka mahali pengine, na jibu la 6 ndipo pa kuanzia.

18. Fezi moja inasoma 180, nyingine 270. Mita imeharibika?

Zima meni swichi kwanza, kisha uendelee kusoma. Kama fezi kwa fezi bado ni karibu 400 lakini fezi kwa nyutro zimetofautiana hivyo, nyutro imelegea au imekatika. Fezi yenye mzigo mwepesi hupanda na inaweza kukaribia 400, na kila kilichochomekwa juu yake huungua. Angalia kama ni nyutro ya mita pekee iliyolegea: pima kwa kipimo cha mkononi moja kwa moja kwenye skrubu za kuingilia za meni swichi. Kama huko nako namba ni hizohizo, kosa ni la nyutro ya kuingilia, na hapo anaitwa mtu wa shirika la umeme.

19. Mita inasoma sifuri. Naweza kugusa?

Hapana. Sifuri inaweza kuwa fyuzi ya mita imekatika, skrubu imelegea, swichi ya kuchagua iko kwenye kuzima, au mita imekufa. Voltimita ya bodi ni ya kumwambia mtumiaji hali ya umeme. Kuthibitisha kwamba umeme haupo ni kazi ya kipimo cha ncha mbili, kwa utaratibu wa swali la 13. Testa ya bisibisi yenye taa ndogo nayo haitoshi: kwenye jua haionekani, na mtu aliyesimama juu ya ngazi ya mbao anaweza asiiwashe kabisa.

20. Tangu tufunge mita, RCD inaruka ovyo.

Fezi ya mita imechukuliwa upande mmoja wa RCD na nyutro upande mwingine. Mkondo unakwenda bila kurudi njia ileile, na RCD inauhesabu kama uvujaji. RCD ya milliampea 30 inaruhusiwa kuruka kuanzia 15, hivyo milliampea chache za mita zikijumlishwa na za friji na kompyuta zinatosha. Zihamishie nyaya zote mbili upande mmoja.

## Hali zisizo za kila siku

21. Mita yetu inapima volti na ampea kwa CT (transfoma ndogo ya kupimia mkondo). Nyaya za CT nazo ziwekewe fyuzi?

Kamwe. Hapa kanuni inageuka. Nyaya za volti zinaogopa kufungwa shoti. Nyaya za CT zinaogopa kuachwa wazi. CT ikiwa na mzigo na nyaya zake zikakatika, ncha zake hupanda volti za kuua na kuichoma CT yenyewe. Kwa hiyo hakuna fyuzi, hakuna swichi, na kabla ya kuichomoa mita ncha za CT zifungwe shoti kwenye koneta yake. Waya wake uwe wa 2.5, na usipite kwenye fungu moja na nyaya za volti, ili asije mtu akazichanganya.

22. Nataka voltimita kwenye betri za sola. Maelekezo ni yaleyale?

Fikra ni ileile, vifaa ni tofauti. Betri haina meni swichi ya kuizima. Vituo vyake viko hai saa zote, na hata ya volti 12 inatoa mamia hadi maelfu ya ampea kwenye shoti. Fyuzi ya ampea 1 au 2 ikae ndani ya sentimita 15 kutoka kwenye chanya. Iwe imeandikwa DC na volti zinazotosha: fyuzi bapa za magari nyingi mwisho wake ni volti 32, wakati betri ya lithiamu ya 48 yenye seli 16 hufika 58.4 ikijaa. Upande wa paneli, ambako volti za DC zaweza kuwa mamia, ni fyuzi za gPV.

Mita ya AC haisomi DC. Na mita inayovuta milliampea 20 usiku na mchana inakula Ah (ampea-saa) 14.4 kwa mwezi. Kwenye betri ndogo iwekee kitufe cha kubonyeza.

23. Tunataka kuacha kifaa cha kurekodi volti kwa wiki moja. Klipu za mamba zinatosha?

Zinatosha kama ni za CAT III au zaidi, zina ganda zima mpaka midomoni na fyuzi ndani ya waya wenyewe. Zishikwe kwenye skrubu za breka ya akiba, si kwenye basba tupu, na nyaya zifungwe kwa tai karibu na klipu ili mtu akizikwaa zisichomoke. Mlango wa DB ufungwe. Usipofungika, bodi izungushiwe kizuizi.

Kwa vipimo vya mkononi, ncha ya chuma iliyo wazi isizidi milimita 4. Kabla ya kazi gusanisha ncha mbili kwenye omu na uzitikise nyaya: namba ikizidi kama omu 0.5 au ikirukaruka, waya umekatikia ndani. Hakikisha pia waya mwekundu hauko kwenye tundu la 10A. Ukipima volti kutoka tundu hilo umepiga shoti kwa mikono yako, na kinachokutenga na mlipuko ni fyuzi ya ndani ya kipimo, ambayo ndiyo maana haibadilishwi kwa ya kioo.

24. Fundi anakuja kupima insulisheni kwa mega. Mita ibaki?

Itolewe. Mega hupeleka volti 500 za DC, na kipimo cha fezi kwa nyutro kitapita ndani ya mita ya kidijitali: ama kitaiua, ama kitasoma mita badala ya nyaya na kuonyesha chini ya megaomu 1 kwenye usakinishaji mzima. Chomoa fyuzi za mita, kisha chomoa na nyutro yake, kwa kuwa fyuzi peke yake inaacha njia upande wa nyutro. Taa za kuonyesha fezi na vizuia radi vilivyo kwenye bodi navyo vichomolewe. Vikirudishwa, namba ya mita ilinganishwe tena na kipimo cha mkononi kama siku ya kwanza.